Wasomaji Wauliza: Beji ya Mionzi Inapima Nini Hasa?

Swali: Mhariri, nafanya kazi chumba cha eksirei, na siku za upasuaji husimama karibu na mgonjwa mashine ikiwa inapiga. Beji yangu ya miezi mitatu imesoma 0.4 mSv (milisivati, kizio cha dozi ya mionzi). Ndiyo mionzi yote iliyoingia mwilini? Halafu wenzangu wengine huivaa juu ya aproni ya risasi, wengine chini yake. Nani yuko sahihi? *Msomaji, Mbeya*

Jibu: Ndugu yetu, beji haipimi mwili mzima. Hukadiria dozi ya kina cha milimita 10 ndani ya mwili, mahali pale ilipobandikwa tu. Beji nyingi zina vipande vya lithiamu floraidi. Mionzi ikivipiga, elektroni hunaswa ndani ya fuwele. Maabara ikivipasha moto zaidi ya nyuzi 200, elektroni huachiliwa na mwanga hutoka. Huo mwanga ndio unaosomwa. Vumbi au mafuta ya vidole navyo hung'aa vikipashwa, kwa hiyo usiifungue beji kamwe.

Kama unayo moja tu, ivae kifuani chini ya aproni. Ikiwa nje itahesabu hata mionzi ambayo aproni imekwisha kuizuia. Lakini ya ndani haisemi lolote kuhusu shingo na macho, navyo viko wazi. Kwa kazi yako ya upasuaji, dai beji mbili: moja kiunoni chini ya aproni, nyingine kwenye kola, nje. Mwaka 1995 baraza la Marekani la kinga ya mionzi, NCRP, lilitoa hesabu hii: usomaji wa kiunoni zidisha kwa 0.5, wa shingoni kwa 0.025, kisha jumlisha. Kiunoni ikiwa 0.2 na shingoni 2.0, unapata 0.1 + 0.05, yaani 0.15 mSv. Ya shingoni peke yake ingekutisha bure. Ya kiunoni peke yake isingekuonya kuhusu macho, ambayo tume ya kimataifa, ICRP, ilishusha kikomo chake mwaka 2011 kutoka 150 hadi wastani wa 20 mSv kwa mwaka kwa wafanyakazi.

Usomaji huharibika beji ikiachwa kwenye koti lililotundikwa chumba cha mashine, ukiivaa unapopigwa eksirei wewe mwenyewe kama mgonjwa, au ukisimama umempa mgonjwa mgongo, maana mwili wako unaikinga. Kosa baya zaidi ni lile lisiloonekana: beji ya kulinganishia, inayopima mionzi ya asili tu na ambayo usomaji wake hupunguzwa kutoka usomaji wa beji za wote, kuwekwa karibu na ukuta wa chumba cha mashine. Hapo kila mfanyakazi ataonekana amepata kidogo, na hakuna atakayeshtuka.

Swali: Baba alifanyiwa CT-Scan ya tumbo. Ripoti imeandika DLP 600 mGy·cm. Ni nyingi? *Msomaji, Nakuru*

Jibu: DLP ni namba ya mashine inayojumlisha mionzi iliyotolewa kwenye urefu wote wa mwili uliopigwa. Kwa tumbo la mtu mzima izidishe kwa 0.015: unapata 9 mSv, karibu na mionzi ya asili ya miaka minne, kwa wastani wa dunia wa 2.4 mSv kwa mwaka. Kwa kichwa kizidisho ni 0.0021, hivyo hata DLP ya 900 haifiki 2 mSv. Tofauti inatokana na uzito ambao kila kiungo hupewa katika hesabu kulingana na hatari yake ya kudhuriwa na mionzi: mapafu, uloto, utumbo mpana, tumbo la chakula na matiti kila kimoja kina 0.12, ubongo una 0.01 tu.

Hata hivyo hiyo 9 si ya baba yako hasa. Namba ya mashine inatokana na vipimo vya silinda ya plastiki yenye kipenyo cha sentimita 32, na kizidisho kinatokana na mwili wa mfano. Kama baba ni mwembamba, viungo vyake vimepata zaidi; kama ni mnene, pungufu. Kwa mtoto wa mwaka mmoja kizidisho ni 0.030, DLP ikiwa imetokana na silinda ndogo ya sentimita 16, kwa hiyo DLP ya 600 ingekuwa 18 mSv. Mzazi, uliza kabla ya kipimo kama mashine imerekebishwa kwa ajili ya mtoto.

Mgonjwa hana kikomo cha dozi. Kinachoulizwa ni kama kipimo kinahitajika, na dozi ya jana si sababu ya kukataa kipimo cha lazima leo.

Swali: Sesiamu-137 hupungua nusu kwa miaka 30. Aliyeila atakaa nayo muda wote huo? *Msomaji, Zanzibar*

Jibu: Hapana. Mwili huitoa, zaidi kwa mkojo: mtu mzima hubaki na nusu baada ya siku 110 hivi, mtoto mapema zaidi. Bekereli 1,000 (bekereli moja ni atomi moja inayooza kwa sekunde) zilizoliwa na mtu mzima ni takriban 0.013 mSv. Iodini-131 ni kinyume chake: tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, huishika sana, ila yenyewe huoza nusu kila siku 8. Shingo ikipimwa baada ya miezi miwili, imebaki chini ya asilimia 1, na anayekadiria akikosea tarehe ambayo iodini iliingia mwilini kwa siku 8, dozi anayoipata itakuwa mara mbili au nusu ya ile halisi. Andikeni tarehe na saa siku ileile.