Kisiwa kiliangukia kwenye mstari

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama wanafunzi waachiwe kuchora kwenye kuta za shule zao au kazi hiyo apewe fundi. Jibu langu: wasiachiwe. Ukuta si daftari. Daftari likiharibika unachana karatasi, lakini ukuta utasomwa na watoto ambao bado hawajazaliwa, na kosa la ukutani wataenda nalo kwenye mtihani. Fundi wa mabango ana mkono. Anajua kupima "Elimu ni ufunguo wa maisha" ili neno maisha lisije likabanwa kwenye kona ya dirisha.

Nasema hivi kwa sababu mimi ni mtu wa Kisiwa cha Mafia, na yamenikuta.

Mwaka 1996 baba alihamishiwa Singida kikazi, nami nikaingia darasa la tano hukohuko. Mwalimu wa jiografia akaamua ukuta wa nje wa darasa letu upate ramani ya Tanzania. Hela ya rangi haikuwepo. Bahari na maziwa tulikoroga chokaa na bluu ya kufulia. Nchi kavu ikawa udongo mwekundu uliochekechwa. Mipaka ya mikoa tulichora kwa mkaa wa betri zilizokwisha, uleule tuliopakia ubao. Brashi zetu zilikuwa vipande vya mkonge vilivyopondwa ncha mpaka nyuzi zikatoka. Mwalimu alipiga miraba kwa penseli kwenye ukurasa wa atlasi, akapiga mingine mikubwa ukutani, kila wanafunzi wawili wakapewa mraba wao. Ziwa Victoria liligombaniwa karibu watu wapigane. Mimi niliambulia Tabora, ambako zaidi ya reli sikuwa na cha kuchora.

Siku ya tatu nikarudi nyuma hatua kadhaa nikatazama. Pemba ipo. Unguja ipo. Chini yake bluu tupu mpaka Msumbiji.

Nikaikimbilia atlasi. Mstari wa penseli ulikuwa umepita juu ya Mafia. Wa mraba wa juu walidhani ni ya wenzao wa chini, wa chini wakadhani ni ya wa juu. Nikamwambia mwalimu. Akasema, "Kadogo mno hako, hakataonekana." Kadogo! Wilaya nzima, yenye Kilindoni yake, na Chole, na Juani, na Jibondo! Wenzangu nao wakadakia kwamba Mafia si ni ya Zanzibar? (Mafia iko Mkoa wa Pwani, jamani, mkabala na delta ya Rufiji. Nimeshalisema hili kila ofisi niliyofanya kazi na nitalisema tena.)

Wakati wa mapumziko nikachovya kidole kwenye kopo la udongo nikaiweka Mafia mwenyewe. Kwa hasira niliyokuwa nayo, ikatoka kubwa kuliko Pemba.

Kesho yake mstarini mwalimu mkuu akauliza nani kachafua ramani. Nikanyoosha mkono. Ndoo kumi za maji, na kisima hakikuwa karibu. Nikiwa na ndoo ya nne au ya tano nikamkuta mwalimu wa jiografia kasimama juu ya dawati, atlasi mkono mmoja, anakipunguza kisiwa changu kwa bluu, taratibu, pembeni, mpaka kikabaki kama harage. Hakunisemesha. Akachukua mkaa akaandika MAFIA, herufi zikawa ndefu kuliko kisiwa chenyewe, zikaishia baharini huko.

Baada ya hapo wageni wakija shuleni wanauliza Mafia ni nini, naitwa nieleze. Nikawa nawasimulia papa potwe, samaki mkubwa kama basi na wala hamgusi mtu. Singida nzima hakuna aliyeniamini.

Sasa nikisoma nilichoandika hapo juu naona nimejipinga. Fundi angeiweka Mafia mahali pake, nami nisingeitwa hata siku moja. Basi wachore. Ila ukuta uwe umepigwa lipu na ukakauka, maana rangi ya mafuta juu ya unyevu hubanduka kama ganda la muhogo. Chokaa wasikoroge watoto, inaunguza macho. Sisi tulikoroga, Mungu katunusuru. Na darasa linalofuata liruhusiwe kurekebisha. Ramani yetu haikuwa na Manyara, wala Geita, Katavi, Njombe na Simiyu za mwaka 2012, wala Songwe iliyomegwa kutoka Mbeya 2016. Kama ukuta ule ungali wima, natumaini kuna mtoto mkorofi aliyeshaikata Mbeya kwa kidole.

Lile jibu langu la mwanzo msilifute, mhariri. Kwa ukuta unaovuja bado nalisimamia.