Jibu: Efeso na mama mwenye shida ya magoti

Salaam ndugu. Umeuliza kama mama mwenye magoti mabovu ataiweza Efeso, yale magofu ya mji wa kale kule Uturuki, na muanzie wapi. Ataiweza, ila kwanza hakikisheni dereva anawashusha geti la juu, si la chini. Mji uko kwenye mteremko. Mkianzia juu mnashuka taratibu hadi kwenye ukumbi mkubwa wa michezo, ule wa ghasia za Demetrio mfua fedha (Matendo 19). Sisi tulishushwa chini, tukapanda na kurudi njia ileile. Mama yangu aliishia kukaa juani mbele ya maktaba ya Celsus, na hadi leo najuta.

Marumaru ya barabarani imelainishwa na miguu ya karne nyingi, inateleza mno. Avae viatu vya soli ya mpira, nawe umshike mkono. Kivuli ni haba, kwa hiyo wahini asubuhi na mbebe maji.

Hekalu la Artemi, mungu wa kike wa Waefeso, haliko humo. Liko pembeni, Selçuk, mji wa jirani, na iliyosimama ni nguzo moja tu. Mwambie mapema asije akavunjika moyo. Sanamu za Artemi ziko kwenye makumbusho ya hapohapo Selçuk. Hizo msizikose.