Binti wa miaka 16 na tatuu: saini ya mzazi haitoshi

Dada, umeuliza kama ukitia saini, binti yako wa miaka 16 anaweza kuchorwa tatuu hapo Uingereza. Hapana. Sheria ya 1969 inakataza kumchora aliye chini ya miaka 18, na ridhaa ya mzazi haibadilishi kitu. Mwenye kosa ni mchoraji, si mtoto. Kwa hiyo yule anayekwambia "njoo naye tu, tutaelewana" mkimbie. Asiyejali sheria sidhani kama atajali sindano safi.

Kutoboa pua ni habari nyingine. England haijaweka umri maalumu, ila maduka mengi yana masharti yao. Wales, tangu 2018, inakataza kumtoboa ulimi aliye chini ya miaka 18.

Ninachokiogopa zaidi ni watoto kuchorana wenyewe chumbani. Mdogo wangu alichorwa na rafiki yake kwa sindano ya kushonea na wino wa kalamu. Mkono ulivimba, ukatoa usaha, na leo herufi zile hazisomeki. Mweleze hivyo binti yako, kisha mwache achore mchoro wake kwenye daftari autazame hadi afikishe 18.