Akupancha kwa kichwa kinachouma kila mara: anza na daftari

Akupancha, yaani sindano za Kichina, si ya kukimbilia kichwa kilichoanza kuuma leo asubuhi. Kazi yake ni kupunguza siku za kuumwa katika mwezi, na hilo huchukua muda. Mwongozo wa mwaka 2012 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unataja hadi vikao 10 ndani ya wiki 5 hadi 8, kwa maumivu ya kichwa ya mkazo (tension headache) yanayojirudia na kwa kipandauso ambacho dawa za kinga hazikukifaa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia chochote, jaza daftari wiki 4: siku gani kimeuma, kwa saa ngapi, umemeza nini, vidonge vingapi. Wengi hukwama hapa. Anayemeza paracetamol au ibuprofen siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, huenda anaumwa kwa sababu ya vidonge hivyo hivyo. Kwa dawa zenye kodeini, siku 10 zinatosha kuleta balaa hilo. Zungumza na daktari jinsi ya kuvipunguza. Ukiendelea kuvimeza, fedha ya sindano itapotea bure.

Sindano yenyewe ni nyembamba, karibu milimita 0.25, na haina dawa ndani. Kwa kichwa, huchomwa mara nyingi sehemu ziitwazo Hegu, kati ya kidole gumba na cha shahada, na Fengchi, kwenye vibonde viwili chini ya kisogo, kisha huachwa dakika 20 hadi 30. Ukisikia uzito au mvuto mzito, ni kawaida. Ukisikia mshtuko kama wa umeme, sema papo hapo, maana imegusa neva. Begani nako pana hatari: pafu liko chini kidogo tu, na sindano iliyozama mno huweza kulitoboa. Kifua kikibana au pumzi ikikatika, hata saa kadhaa baadaye, nenda hospitali na uwaambie ulichomwa sindano.

Usiende na njaa, na mara ya kwanza lala badala ya kukaa. Kuzirai si jambo geni. Taja mimba (Hegu huepukwa kwa wajawazito) na dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin. Pakiti ifunguliwe mbele ya macho yako. Ikiwa sindano zinatoka kwenye kibakuli cha spiriti, ondoka.

Usitarajie muujiza. Katika mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima matokeo ya tafiti za tiba, siku za kipandauso zilipungua kwa nusu au zaidi kwa watu 50 katika kila 100 waliochomwa, na kwa 41 waliochomwa sindano za kuigiza. Tofauti ipo, ila ni ndogo. Baada ya kikao cha 6 linganisha daftari. Siku zikiwa zile zile, acha.

Kichwa kilicholipuka ghafla, chenye homa na shingo ngumu, au kilichoambatana na mkono kulegea, hicho ni cha hospitali papo hapo.