Kupandikiza mimba au kulea mtoto wa mwenzio: kwa dada aliyeuliza

Waalaykum salaam dada. Umesema una miaka 36, mirija yote miwili imeziba, daktari kakwambia iliyobaki ni kupandikiza, na mumeo anaona pesa hiyo bora mmlelee mtoto asiye na wazazi. Mama mkwe naye katia lake, "uchungu wa mwana aujuaye mzazi", kisha kanyamaza. Unauliza mkope mkapandikize au mchukue mtoto. Mimi ninao wote wawili hapa Unguja, kijana niliyempokea angali mchanga na binti niliyemzaa baadaye, basi nakujibu kwa niliyoyaona nyumbani kwangu.

Unaloliogopa zaidi umeliandika mara mbili: je, utampenda? Utampenda. Mtoto mchanga hakupi hata nafasi ya kujiuliza. Analia usiku unaamka, tumbo limemjaa upepo unamkanda, homa ikimpanda unatafuta gari saa nane za usiku na kanga umeivaa ndani nje. Upande huo haukunipa shida hata siku moja. Shida ilikuwa kwenye mambo ambayo watu wakija kukupongeza hawayasemi: jina, maharimu (yaani mtu ambaye hamuwezi kuoana kamwe, kwa hiyo hujifuniki mbele yake) na mirathi.

Kupandikiza kwanza. Kidini, wengi wetu tunafuata msimamo wa Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Amman mwaka 1986: yai la mke, mbegu za mume, ndoa ikiwa hai, hakuna tatizo. Yai la mwanamke mwingine, mbegu za mwanamume mwingine au tumbo la kukodi, hapana. Kwa hiyo mama mkwe akileta hoja ya haramu, hana. Kitabibu, kikubwa ni umri wa yai. Ukivuka 35 nafasi inashuka haraka, na ukifika 40 inashuka zaidi. Mkisema mlee kwanza halafu mtaona, mjue kwamba na hilo ni uamuzi, maana miaka haikungojeni. Tena hukuandika kama mumeo kapimwa. Kipimo cha mbegu ndicho rahisi kuliko vyote na ndicho wanaume wa kwetu wanachokikimbia. Wewe umeshapigwa picha za mirija, umetobolewa sindano, yeye anatoa maoni tu! Apime kabla hamjajadili senti moja.

Kuna jambo moja nakuomba usilifanye, nalo ni kumchukua mtoto kama dawa ya kufungua kizazi. Nilipopata mimba, mashangazi zangu walikuja na vigelegele: "Umeona? Mtoto huvuta mwenziwe." Sikucheka. Kauli ile inamfanya kijana wangu chambo, na yeye alikuwa pale pale mkekani anasikia. Kama mnataka kupandikiza, pandikizeni kwa sababu mnataka kuzaa. Kama mnataka kulea, leeni kwa sababu yupo mtoto anayehitaji nyumba. Mnaweza kuyafanya yote mawili, ila moja lisiwe rushwa ya lingine.

Sasa kulea. Sisi Waislamu tumeamrishwa katika Suratul Ahzab, aya ya 4 na ya 5, tuwaite watoto hao kwa baba zao. Mtoto unamlea, unamvisha, unamsomesha, lakini humpi nasaba isiyo yake. Ndiyo kafala. Hapa Zanzibar imo ndani ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011, na Kenya nao wameiingiza katika Sheria ya Watoto ya 2022. Nyinyi mko Dar, na Sheria ya Mtoto ya 2009 ya Bara ina njia ya kuasili: ombi linakwenda Mahakama Kuu, afisa ustawi wa jamii anakuchunguzeni na kuandika ripoti, na muombaji awe na miaka 25 au zaidi na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Amri ikitoka, kisheria mtoto ni wenu moja kwa moja. Kaeni na sheikh mnayemuamini na wakili, siku moja, meza moja, mjue karatasi ya mahakama inasema nini na dini inasema nini. Msikimbilie kusaini.

Atatokea pia wa kukwambia, "Dada yako ana watano, si akupe mmoja." Kwetu ni kawaida, nusu ya ukoo wangu wamelelewa na shangazi au mama mdogo. Ni jambo jema, na mtoto hapotezi watu wake. Ila mama yake yupo. Nimeona mtoto akichukuliwa siku ndugu walipogombania kiwanja, keshazoea, anamwita mlezi mama. Mkipewa wa ndugu, andikishaneni. Mtaonekana mna roho ngumu, lakini andikishaneni.

La maharimu linatengenezwa kwa maziwa, maana kidini mtoto akinyonya kwa mwanamke huwa mwanawe wa kunyonya. Linataka kupangwa mapema, kwani mlango wake unafungwa mtoto akitimiza miaka miwili. Wangu ni wa kiume; akibaleghe, kama si maharimu wangu, nijifunike ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Dada yangu alikuwa na mtoto wa miezi minne na maziwa tele. Akaja akakaa chini kwenye jamvi, mgongo ukutani, wake kwapa la kushoto na wangu kulia. Kwa madhehebu ya Shafii ni manyonyo matano kamili, kwa hiyo bibi yao akasimamia: mtoto mpaka aliachie ziwa mwenyewe ndiyo ihesabiwe, na kila mara akatia alama kwenye kalenda ya ukutani. Siku moja mtoto alilala katikati, bibi akakataa kuihesabu. Ilipotimia, dada akawa mama yake wa kunyonya na mimi nikawa mama yake mdogo, maharimu wake wa kudumu.

Nilipozaa binti hesabu ikarudi. Kijana hakuwa amenyonya kwangu, basi yeye na binti yangu wangekuwa binamu tu, na binamu wanaoana. Bahati dada alikuwa ananyonyesha tena. Tukamwita, jamvi likatandikwa, binti naye akanyonya kwake. Leo wote wawili ni watoto wa maziwa ya mama mmoja, yaani ndugu, na wanagombana kama ndugu.

Nyinyi mkimpata wa kike, hesabu inageuka: anayetakiwa maharimu ni mumeo. Hapo dada yako hafai, mnyonyeshaji awe wifi yako, dada wa mumeo, ili mumeo awe mjomba wa mtoto. Ulizia mapema nani katika mawifi ananyonyesha.

Jina halitakusumbueni ndani, litakusumbueni nje. Kijana alipoandikishwa shule, mwalimu alitazama cheti, akamtazama mume wangu, akauliza kwa sauti mbele ya wazazi wengine, "Huyu baba yake ni nani hasa?" Mume wangu akajibu, "Baba yake ni huyo aliyeandikwa, Mungu amrehemu. Mimi ndiye ninayelipa ada." Mwalimu akapiga muhuri. Kijana hakushtuka kwa sababu alikuwa anajua tangu hajajua kusoma. Tulimwambia kama tunavyomwambia habari nyingine yoyote, mezani, tukila. Msingoje awe mkubwa. Mtaani wapo watakaomwambia kabla yenu, na hawatachagua maneno.

Mirathi hapati kwa kafala, na usimwache mtu akudanganye. Lakini una wasia, mpaka thuluthi ya mali yako, na una hiba, yaani zawadi unayompa ungali hai. Mume wangu alimpa kijana kiwanja kwa hiba, akakikabidhi mbele ya mashahidi, na karatasi zina jina la kijana. Ndugu wa mume walinuna kidogo. Bora wanune sasa, yeye yupo na anaweza kuwajibu.

Kwa hiyo mkopo? Mimi nisingekopa. Kupandikiza kunaweza kushindikana mara ya kwanza, na deni litabaki pale pale, nalo litaanza kuwagombanisha. Kama akiba yenu inatosha jaribio moja, na vipimo vya mumeo ni vizuri, jaribuni mwaka huu, si mwaka kesho. Na wiki hiyo hiyo nendeni Ustawi wa Jamii wa wilaya yenu mkaulize utaratibu, maana uchunguzi wao una hatua nyingi na kuuliza hakukufungeni. Mama mkwe mwendeeni wote wawili, mumeo ndiye azungumze.