Miti mia mbili haitaponya pumu

SWALI: Mimi ni mwenyekiti wa mtaa wa watu wa kipato kidogo, nyumba zimebanana. Tuna kiwanja cha wazi, mita 40 kwa 25, ambacho kimegeuka jalala, na upande mmoja kinapakana na barabara ya malori. Watoto wengi hapa wana pumu. Muuza miche anatushauri tupande mikaratusi 200 ili inyonye moshi, na kila nyumba inunue mimea miwili ya kusafisha hewa ya ndani. Fedha ni ya kuchangishana, hatuwezi kukosea. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu mwenyekiti, kabla ya kumlipa chochote, piga naye hesabu ya maji. Mche mchanga wa mti unataka lita 40 hadi 60 kwa wiki wakati wa kiangazi, kwa miaka miwili ya mwanzo. Tuseme 50. Miche 200 ni lita 10,000, yaani madumu 500 ya lita 20 kila wiki. Nani atayabeba? Miti 12 inataka madumu 30, kazi ambayo kaya kumi zinaimudu kwa zamu. Na kwenye kiwanja chenu miti 200 ingepata mita 5 tu za mraba kila mmoja, ikibahatika kuishi.

Sasa hilo la kunyonya moshi, ambalo nimechoka kulisikia. Ni kweli jani hunasa vumbi. Lakini kinachonaswa ni kidogo mno ukilinganisha na kinachopita, malori hayaachi kuongeza, na mvua au upepo huliondoa vumbi lile lile majanini. Pabaya zaidi ni barabara nyembamba yenye majengo marefu pande zote mbili: matawi yakikutana juu, moshi unakosa pa kutokea na unabaki usawa wa pua za watoto. Mkaratusi nao una lake. Majani yake hutoa gesi ya isopreni, ambayo ikikutana na moshi wa magari kwenye jua kali huchangia kutengeneza gesi ya ozoni, na ozoni huwasha mapafu ya mwenye pumu. Mtoto asipunguziwe dawa yake ya kuvuta eti kwa sababu mtaa umepandwa miti.

Upande wa barabara pandeni ua mzito wa vichaka, wenye majani tangu ardhini, urefu wa karibu mita 2, bila mwanya chini. Huo hukinga kiasi aliye nyuma yake karibu. Kinachosaidia zaidi ni umbali, kwa hiyo uwanja wa michezo uwekeni pembe iliyo mbali kabisa na malori. Pande nyingine tatu zionekane: vichaka visizidi mita 1, na miti ikishakua matawi ya chini yapogolewe hadi mita 2. Mahali pasipoonekana kutoka madirishani wazazi hawataruhusu watoto waende, na wana haki.

Faida ya kweli ya kijani ni kivuli, mahali pa kutembea na kukutana, na utulivu wa akili. Huko Philadelphia, Marekani, viwanja 541 vilivyotelekezwa viligawanywa kwa kura katika makundi matatu: vingine vikasafishwa na kupandwa, vingine vikaondolewa taka tu, vingine vikaachwa. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Karibu na vilivyopandwa, idadi ya waliosema wanajisikia kuwa na sonona ilipungua kwa asilimia 41.5, na katika mitaa ya maskini kwa asilimia 68.7. Palipoondolewa taka tu hapakuonekana badiliko la maana. Na walichopanda hakikuwa msitu: walisawazisha ardhi, wakaotesha nyasi na miti michache, wakazungusha uzio mfupi wa mbao wenye nafasi za kuingilia, kisha kila mwezi wakarudi kufyeka na kuokota taka. Hicho kipengele cha mwisho ndicho wauza miche hawakitaji kamwe, maana hakina faida kwao.

Kwa hiyo bajeti yenu iwe miti 8 hadi 12 yenye taji pana, nyasi, na fungu la matunzo lililotengwa kabla ya mche wa kwanza. Shimo liwe na kina sawa na bonge la mizizi, upana mara mbili au tatu. Mfuko wa plastiki utoke wote, na mizizi iliyojizungusha ikatwe. Pale shina linapoanza kutanuka paonekane juu ya udongo. Pakifukiwa, shina huoza. Matandazo, yaani majani au nyasi kavu za kufunika udongo, yawe sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina.

Mboga subirini. Jalala hubeba betri, rangi za zamani na majivu ya takataka, na humo hukaa madini ya risasi. Udongo upimwe kwanza, au mlime kwenye matuta yaliyoinuliwa yenye sentimita 30 za udongo safi. Ardhi tupu ifunikwe kwa nyasi, maana watoto hula vumbi kupitia vidole.

Kuhusu mimea ya ndani: biashara hii inaegemea jaribio la NASA, shirika la anga za juu la Marekani, la mwaka 1989, lililofanywa ndani ya visanduku vilivyozibwa. Nani anaishi kwenye kisanduku? Uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwishoni mwa 2019 ulikadiria kuwa ingehitajika mimea 10 hadi 1,000 kwa kila mita ya mraba ya sakafu ili kufikia kazi inayofanywa na mzunguko wa kawaida wa hewa kati ya nje na ndani. Fedha hiyo toboeni dirisha la pili, lielekeane na la kwanza, upande usio wa barabara. Anayependa ua chumbani aliweke kwa uzuri wake, ila kisahani cha chini ya chungu akimwage kila wiki, la sivyo atakuwa anafuga mbu wa homa ya dengi kando ya kitanda.