Ukipanga tathmini ya maji ya bonde, anza na mwezi wa kiangazi

Nimefanya kazi kwenye tathmini ya maji, yaani kupima kama maji ya mto yanatosha mahitaji ya watu, mara mbili, zote bonde la mito ya Wami na Ruvu mashariki mwa Tanzania, mara ya kwanza nikiwa kijana wa kukusanya data tu, mara ya pili nikiwa kwenye timu inayopanga kazi yenyewe. Juzi dogo mmoja aliyepewa kazi kama hiyo kanipigia kuuliza aanzie wapi, tukaongea mpaka salio likakata, sasa nayaandika hapa maana najua hayuko peke yake.

Kitu cha kwanza mipaka. Usichukue ramani ukakata kwenye mpaka wa mkoa, maji hayajui mkoa. Maji ya Dar yanaanzia milima ya Uluguru huko Morogoro, yanashuka Pwani, yanavutwa kutoka mto Ruvu kwenye mitambo ya kusafisha maji ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, ndo yanafika jijini. Na watu nao hawajui mpaka! Angalia sensa. Kati ya 2002 na 2012 Dar ilikua kwa asilimia 5.6 kwa mwaka, kwa hiyo aliyekaa 2012 akapiga hesabu kwa kasi ileile alipata watu milioni 7.5 ifikapo 2022, lakini sensa ya 2022 ikakuta milioni 5.4 tu. Ukiishia hapo utasema mahitaji ni madogo kuliko yalivyokadiriwa. Sasa geukia Pwani, imetoka milioni 1.1 ikafika milioni 2 kwa miaka ileile kumi, nenda Kibaha au Mkuranga uone nyumba zinavyoota. Mto ni uleule. Ndo maana mi nasema usibebe namba moja ya ukuaji, weka tatu, ya chini, ya kati na ya juu, na uhesabu mikoa yote inayokunywa mto mmoja.

Halafu hili ndo lilitupiga sana. Kwenye ile tathmini ya kwanza tulichukua wastani wa maji ya mwaka mzima tukalinganisha na mahitaji ya mwaka mzima, ikatoka ziada, tukafurahi, tukaenda kuwasilisha kijijini. Mzee mmoja mkulima wa mpunga akanyoosha mkono akasema, "Mwanangu, hayo maji unayoyasema ni ya Aprili. Njoo Oktoba, hapo utavuka na viatu vyako." Nilishindwa kumjibu. Alikuwa sahihi kabisa, maji ya masika yanakimbilia baharini kwa sababu hakuna pa kuyashika, na Oktoba vuli ikichelewa mto unabaki mwembamba. Mwaka 2022 si tuliona wote, Ruvu ulishuka vuli ilipochelewa na Dar ikaingia kwenye mgao. Kwa hiyo hesabu fanya mwezi kwa mwezi, na mwaka mkavu uupe jedwali lake, usiufiche ndani ya wastani.

Na usichanganye uwezo wa mtambo na maji. Ruvu Chini imejengwa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu lita milioni 196, namba nzuri, ila mtambo hautengenezi maji, unasafisha yaliyopo mtoni. Bwawa la Kidunda vilevile, lile la kuhifadhi maji ya mto Ruvu, mkataba ulisainiwa 2022 na limepangwa kushika lita bilioni 190, hilo lihesabu mara mbili, hali ya kuwa na bwawa na hali ya kutokuwa nalo, maana watu wanakunywa maji hata wakati ujenzi unaendelea.

Upande wa mahitaji watu wanakimbilia bili kwa sababu ni data rahisi kupata, lakini bili inakuambia maji yaliyouzwa, haikuambii yaliyohitajika. Mtaa unaopata maji siku mbili kwa wiki bili yake itakuwa ndogo, ukiichukua hivyo unamhukumu yule mama aliyenunua madumu wiki nzima kwamba hahitaji maji. Tembea, uliza madumu mangapi, uliza kisima cha jirani. Na yale yanayovuja njiani kwenye mabomba yaandike safu yake peke yake, usiyachanganye na matumizi ya watu.

Wakulima pia. Orodha ya vibali vya kutumia maji ni mwanzo tu, pampu ndogo za petroli nyingi hazimo humo. Sisi tulikodi bodaboda Septemba tukafuata kingo za mto tukihesabu pampu, lakini tulianza kwa mwenyekiti wa kijiji tukaeleza hatujaja kukamata mtu, bila hivyo pampu zote zinafichwa kabla hujafika. Na usisahau kuuachia mto maji yake wenyewe, kule chini karibu na Bagamoyo maji yakipungua sana chumvi ya bahari inapanda mtoni.

Mwisho ni geji, kile kipimo kinachosimikwa mtoni kusoma kina cha maji. Kabla hujaamini jedwali lolote la kina cha mto nenda ukaonane na anayeisoma hiyo geji asubuhi na jioni, mara nyingi ni mwanakijiji wa palepale, mwombe daftari lake, muulize mafuriko yaliing'oa lini na ikasimikwa tena usawa gani. Weka hela ya safari hizo kwenye bajeti toka siku ya kwanza, na upange ziangukie Septemba na Oktoba.